Kwa Wakio, Aliyepima Mvua ya Kasigau Miaka Tisa

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1957, saa tatu asubuhi, walikunyang'anya glasi ya mvua. Mwezi wa tatu uliofuata tukakuzika. Mwaka umetimia sasa, mke wangu, mama Tryphena, na watu wananiambia nihesabu kutoka siku ya kaburi. Mimi nahesabu kutoka Jumanne ile.

Wajua mimi niliishia darasa la pili. Lakini kazi yako niliijua kwa macho. Yule mama wa misheni alipokuwa anarudi kwao, alikuachia chombo cha serikali cha kupimia mvua alichokuwa akikitunza pale nyuma ya shule, akakufundisha kusoma mistari ya glasi. Miaka tisa hukukosa hata asubuhi moja, hata ile wiki ndovu walipolala kwenye mihogo yetu. Ulikuwa unafuta glasi kwa pembe ya leso, unapiga magoti kwenye tope mpaka jicho lilingane na maji. "Ukisoma umesimama utaandika uongo," ulisema.

Jioni majirani walikuja. "Wakio, nipande?" Nawe: "Ngoja, udongo haujashiba." Mjane Nzembi hakungoja, mbegu zake zikakauka. Ulimgawia zako nusu, na hata siku moja hukumwambia, "Si nilikuambia?"

Kisha mkaguzi wa serikali akaja na gari, akamkuta mwanamke amepiga magoti mbele ya chombo cha serikali.

"Huyu ni nani?"

"Mama wa hapa tu, bwana," akamjibu Donald, karani wa ofisi ya serikali hapa kwetu, akakugeukia wewe. "Mama, hiki si chungu cha mboga."

"Chungu nacho kina kipimo, karani. Ndiyo maana kwangu hula ukashiba."

Watu walicheka. Mkaguzi hakucheka. Alisema hesabu za namna hii zinamchosha mwanamke, akachukua glasi, akampa Donald. Daftari lako la miaka tisa lilikuwa pale kwenye jiwe. Hakufunua hata ukurasa mmoja. Na mimi nilikuwepo, nimeshika jembe langu, nikatazama chini. Hilo nalo liandikwe.

Hukugombana. Ulitafuta mkebe mtupu wa siagi, ukaupachika kwenye nguzo uani, ukachonga kijiti chenye alama za inchi kwa kufuatisha rula ya binti yetu Tryphena. Mtoto akauliza, mbona hakuna glasi? Ukamwambia, "Mkebe ulionyooka pande zote hauhitaji glasi. Ukiwa umepanuka juu, huo ndio utakudanganya." Tangu siku hiyo mlikuwa mnasoma wawili.

Mwezi wa pili mvua ikapiga usiku kucha. Mkebe ukaonyesha inchi mbili. Kwenye ukuta wa ofisi Donald akabandika karatasi: Hakuna mvua. Hakuwa ametoka kitandani. Ukafunika mkebe kwa sahani, ukaubeba mpaka ofisini na manyunyu yakikupiga, maji yasimwagike hata tone.

"Mama Tryphena," Donald akasema, "hapa mbuzi amekojoa."

Wakubwa wakacheka mpaka wakashika meza. Ulirudi umelowa, ukayamwaga kwenye shina la mpapai, ukakaa. Siku hiyo hukula. Baada ya hapo kifua kikakubana, na kikohozi hakikukuacha tena. Daktari aliandika homa ya mapafu. Sibishani na daktari. Lakini homa ya mapafu haikukunyang'anya glasi.

Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa, "Baba Tryphena, wasimfanyie mtoto hivi."

Wanamfanyia. Mwezi wa kwanza mwaka huu saa ya sayansi ilipofika, wasichana walitolewa darasani wakapewa sindano na uzi. Mwalimu mkuu Crispus aliniambia, "Mzee Zephaniah, atakuja kuolewa, hayo mambo ya nini?" Tryphena akaenda mbele ya kamati ya shule, ameshika mkebe wako. Safari hii nilisimama kando yake na sikutazama chini. Aliwauliza swali moja. Mwenyekiti akasema watakaa walijadili. Huu ni mwezi wa tatu wamekaa nalo, na mtoto bado anapinda kitambaa cha meza.

Mkebe uko kwenye nguzo yake. Kila asubuhi kabla ya shule anapiga magoti. Jana ilikuwa nusu inchi.

Tunaokulilia ni mimi mumeo Zephaniah Mwakisha, binti yako Tryphena, dada yako Gertrude, Nzembi, na wote waliopanda kwa neno lako. Maadamu mvua inanyesha Kasigau, hatuna namna ya kukusahau.

Na swali la mtoto naliweka hapa, walisome wenye vyeo, maana hawajalijibu:

"Maji yakifika kwenye mstari, ni kitu gani pale ambacho msichana hawezi kukiona?"