Samaki wa Kwanza ni wa Nani

Tata, baba yangu mpendwa,

Nimekasirika leo, na hapa Nchelenge hakuna mwingine anayejua hasira hii ilikotoka. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ingawa hutasoma.

Kule kwetu ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, samaki wa kwanza wa kila wavu alikuwa wa Mwenye Maji, kama alivyokuwa wa baba yake na babu yake. Bila yeye kufungua maji kwa msimu wa uvuvi, hakuna kutega. Mwaka aliougua Mama, na nyumbani hakuna mboga, ulitega kabla hajafungua. Akakunyang'anya wavu. Ulikwenda kushtaki, ukaambiwa Mwenye Maji hashtakiwi, amezaliwa hivyo. Mwenye nguvu mpishe, majirani walisema. Tukampisha, tukahamia huku.

Halafu redio ikatangaza kuwa kule ni mapinduzi: haki za kurithi zimefutwa, ziwa ni la taifa, wote sasa ni sitwayen, yaani raia, mkubwa na mdogo. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Sasa njo tuko sawa, mutoto wangu," uliniambia. "Hata yeye, sheria itamukamata."

Ukapiga kasia kurudi kule kwetu na wavu mpya. Nami nilifurahi, Mungu anajua.

Ulitega bila kumngoja mtu. Ulipofika ufukweni, vijana wa chama tawala walikuwa wamesimama, wanataka samaki wa kwanza. Wao waliuita mchango wa mapinduzi. Uliwauliza kama sheria ile haikuwa imekufa, wakakufunga kamba mbele ya watu. Wenzako waliovuka baadaye walinieleza kwamba ulifia gerezani. Kaburi lako hawakuonyeshwa.

Leo asubuhi Mwenye Maji ameshuka kwenye mtumbwi hapa ninapouzia samaki. Amezeeka, miguu mitupu, naye pia wale wa chama wamemfukuza. Alinitambua, akaulizia habari zako. Nikamweleza yote, kwa sauti, wanunuzi wakisikia. Nilitaka aone aibu. Aliinamisha kichwa kwanza, kisha akasema polepole:

"Miye nilikamataka wavu yake tu, mama. Yeye, nilimurudishaka kwenu muzima."

Tata, nikachukua samaki mmoja. Nilimpa ili aondoke tu machoni pangu. Alichosema ni kweli, na kweli hiyo ndiyo nisiyoweza kumsamehe.

Pumzika, popote walipokulaza.

Ni mimi, binti yako.