Hiyo Jina ya Asali Sijauza

Kwa Mama Zaitun, nyuma ya msikiti,
Kitale.
Agosti, 2006.

Kwako ndugu yangu Jotham,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Naomba barua hii ikukute mzima, kifua yako imepoa na hiyo baridi ya Nairobi imekuachilia. Hapa kwetu mama ni mzima, alhamdulillahi, anakusalimia sana, anauliza kama huko uko na mtu wa kukupikia chapati ama unashindia mkate kavu. Wazee wako kule Saboti pia ni wazima. Baba yako nilimwona Ijumaa. Mguu imepona, ameanza kupanda mlima tena kuangalia mizinga yake. Mvua iko, mahindi imesimama vizuri. Mimi mwenyewe ni mzima isipokuwa tumbo. Tangu Jumanne siwezi kuweka kitu tamu mdomoni. Jana mama aliniwekea sukari kwa chai nikatoka nje nikikimbia, akadhani nimekula sumu. Utajua ni nini, ngoja tu.

Najua unashangaa mbona nakuandikia kwa karatasi, mimi Naim, mtu wa kukodolea kompyuta macho mpaka yanakuwa nyekundu. Bana, email mtu anaweza kufuta kabla hajafika mwisho. SMS zangu hukujibu. Karatasi hata ukirarua, vipande utaviona sakafuni. Kwa hivyo soma yote.

Wacha nianze mbali kidogo. Unakumbuka nilikuwa nafagia kwa saiba ya Gichuki, ile duka yake ya intaneti, na akishafunga mlango ananiachia mashine moja nicheze nayo. Hakuna mtu alinifundisha. Nilibonyeza kila kitu mpaka nikajua. Ndio siku moja nikasoma ati huko ng'ambo kuna watu wananunua majina ya mtandao vile watu wa hapa hununua ploti kando ya barabara kabla mji haujafika, halafu wanakaa, wanangoja mwenye haraka. Wallahi sikulala! Nilikuja kwenu Saboti asubuhi, nikakuta wewe na baba yako mnakamua masega, mikono yenu inang'aa mpaka kwa kiwiko. Na ni wewe ulitoa jina, sio mimi. Asaliyaelgon, yote imeshikana, halafu nukta com. Ukasema siku moja mzungu ataitafuta asali ya mlima huu na atampata baba yako. Binamu yangu Mohamud, yule wa Amerika, alitulipia na kadi yake, kwa sababu hapa Kitale hatukujua mtu mwenye kadi kama hiyo. Nusu yako, nusu yangu. Na ile jioni ya wewe kusafiri, tulikaa kwa jiko ya mama yako tukapanga. Mtu akija kununua, bei ya mwisho kabisa ni ya kompyuta mbili za mtumba na printa moja, tufungue saiba yetu, niache kufagia ya wenyewe. Ulisema hiyo bei ibaki siri ya haya mafiga matatu. Mama yako alikuwa nje anakamua ng'ombe. Tulikuwa wawili tu, Jotham. Wewe na mimi.

Sasa, mwezi wa tano ndio email iliingia kutoka Bungoma. Mtu anaitwa Bwana Wekoye, anapakia asali kwa chupa, anataka kuingia supermarket za Nairobi, na anataka hiyo jina yetu. Nilikuandikia wewe saa hiyo hiyo, ukanijibu neno mbili tu: uza, usichelewe. Nilikuwa tayari nimeanza kumwandikia ndio, chukua, bei yoyote. Yaani kidole kilikuwa kwa kibonyezo.

Bahati, ama mkosi, shangazi Suad alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumwona mama. Unamjua shangazi Suad, yule wa mitumba, mwenye akikutazama unakumbuka deni ya mwaka juzi. Alikuja saibani kunichukua, akaniuliza mbona natokwa jasho. Nikamweleza. Hajui kompyuta, anaiitanga televisheni ya Gichuki, lakini alinipiga mkono nikaachilia. Akaniambia mteja akishika nguo mara ya kwanza, anaangalia tu. Akiirudia mara ya pili, wewe tazama upande mwingine, kunja zile zingine. Akirudi mara ya tatu, sio yeye ameshika nguo, nguo ndio imemshika. Ati mwenye ataongea kwanza ndiye atalipa. Ati tena nyumba yenye iko na msichana haipigi hodi kwa watu wa posa. Vile alivyo, alinifanya niapie chakula cha mama kwamba sitajibu bila yeye.

Kunyamaza ni kazi, ndugu yangu! Afadhali kubeba mawe. Wekoye alitaja bei ya kwanza, kitu ya kununua viatu. Kimya. Akapiga simu, sauti ya baba mzazi, ati kijana yangu, biashara ni haraka. Nikamwambia venye shangazi alinifundisha, kwamba nimesikia na nitauliza wenzangu. Wiki nzima nikimeza mate. Akarudi na matusi: hiyo jina ni hewa tu, ni nani hununua hewa? Nikatamani kumjibu nimchane, shangazi akasema mtu hatukani kitu yenye hataki. Halafu akajifanya ati amenunua jina ingine nzuri kuliko yetu. Kesho yake akapiga tena! Mtu mzima anadanganya bila hata kusafisha koo. Mwishowe akasema anajua jina inaisha muda mwezi wa saba, na anajua hatuna njia ya kulipia, kwa hivyo atangoja ianguke aokote bure kando ya njia. Hiyo ilinigonga. Muda wa jina mtu yeyote anaweza kuangalia, lakini kwamba hatuna kadi alijuaje? Nilimpigia Mohamud usiku wa Amerika, akanitukana vizuri halafu akalipia miaka mingine miwili. Nilifikiri Wekoye amebahatisha tu. Mimi ni mjinga wa aina gani.

Jina haikuanguka. Hapo ndio nguo ilimshika. Akatuita Bungoma tuongee ana kwa ana.

Tulienda Jumanne. Shangazi alivaa buibui ile ya Idi na akaniambia nikifungua mdomo ataniacha hapo hapo nijitafutie nauli. Wekoye ni mtu mnene, mchangamfu, shati nyeupe, anacheka kabla hujasema kitu. Alitupokea kwa ofisi ndogo mbele ya stoo yake, akatuletea chai, mkate, na chupa ya asali yake mpya. Mimi nilikuwa na njaa. Nilikula vipande vinne, na asali nikaipaka nene kama mtu anapiga ukuta plasta. Ilikuwa tamu sana. Tamu tu, basi. Haikuwa na ule moshi kidogo, ule uchungu wa maua kwa koo. Nilifikiri labda nyuki wa chini ni tofauti na wa mlima.

Halafu nikaomba choo. Choo iko nyuma, unapita stoo. Jotham, yale niliona huko ningeomba mtu aninawishe macho. Sufuria kubwa kama ya matanga, na ndani sukari guru inachemka na maji, povu nyeusi juu, harufu ya kuungua inakushika kwa meno. Nzi wamekufa pembeni. Mtu anakoroga na mti wa fagio, anafuta jasho na mkono ule ule. Na kwa meza kuna beseni, na ndani ya beseni ni nyuki. Wamekufa, wamekauka, wamejaa kama majani ya chai. Msichana mmoja anachota na kijiko, anatia nyuki wawili kwa kila chupa, na kipande cha nta. Nikamuuliza hii ni ya nini. Akaniambia bila hata aibu ati watu wa Nairobi wakiona nyuki ndani, wanaamini. Nikauliza nyuki wanatoka wapi. Akasema kuna watu wanachoma mizinga porini wanaleta kwa gunia.

Vile vipande vinne vya mkate vilibaki kwa choo cha Wekoye.

Nilirudi ofisini nikakaa. Shangazi aliniangalia, akaona uso, hakuuliza. Basi maongezi yakaanza, kama unaweza kuyaita maongezi, maana alikuwa anaongea mmoja. Wekoye akataja bei. Shangazi akapuliza chai. Akaongeza. Shangazi akauliza bibi yake anaendelea aje na watoto wanasoma wapi. Akaongeza tena. Shangazi akasema hii mvua ya mwaka huu ni ya ajabu. Hapo tulikuwa tumepita ile bei yetu ya jikoni, tumepita mbali, karibu mara mbili! Mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya meza kama wa fundi cherehani, shangazi akaukanyaga. Kimya. Wekoye akatoa kitambaa, akafuta shingo. Kimya. Saa ya ukutani tunaisikia. Unajua mtu wa kuongea sana, ukimnyima mtu wa kujibizana naye, anaanza kujitapika mwenyewe.

Akapasuka. Akapiga meza akasema sisi ni watu wa aina gani, tamaa gani hii, na mwenzetu wa Nairobi, Jotham Kipngetich, alimwambia kutoka mwanzo kwamba sisi tunataka kompyuta mbili za mtumba na printa, basi.

Na printa, Jotham. Alisema na printa.

Shangazi kwa mara ya kwanza aliweka kikombe chini. Wekoye alikuwa ameshaanza, hakuweza kusimama. Ati ni wewe ulimtafuta yeye, sio yeye alitutafuta. Ati wewe ndio utamuuzia hiyo chupa supermarket zote za Nairobi, na kwa kila katoni uko na kitu yako. Ati ulimwambia Naim ni wa moto, hana subira, mtishe kidogo atauza. Na kuonyesha hadanganyi, akafungua droo akatoa karatasi ya kubandika kwa chupa. Rangi nzuri, imechapishwa vizuri. Asali ya Elgon. Na katikati ni picha ya baba yako.

Ile picha nilipiga mimi. Ile ameshika mzinga na anacheka na lile pengo lake, siku moshi ilimwingia kwa macho. Nilikutumia wewe peke yako, ukanijibu ati umeiweka ukutani.

Baba yako, mwenye hawezi kukamua sega kama halijaiva, mwenye huwaachia nyuki nusu ati na wao wako na watoto, uso wake uende ubandikwe juu ya sukari guru na maiti za nyuki wa watu. Na mtoto wake ndiye amekata picha na makasi.

Sasa hii ndio habari yenyewe nilitaka kukuambia. Wekoye alitaja bei ya mwisho. Sitaiandika hapa kwa sababu utalia. Ilikuwa saiba yetu yote, na kodi ya mwaka, na bado tungebaki na ya kusherehekea. Shangazi aligeuka akaniambia yeye kazi yake imeisha, jina ni letu, niseme mwenyewe. Mimi, mtu wa moto, nilikaa nikahesabu pumzi. Halafu nikasema hapana. Nikachukua ile karatasi yenye sura ya baba yako nikaikunja nikaitia mfukoni. Tukatoka. Shangazi hakunisifu. Alisema tu ati kuchagua njaa nayo ni haki yangu.

Kwa hivyo nimekataa pesa, na nusu ilikuwa yako, na sikukuuliza. Hiyo najua. Gichuki ananidharau, bado nashika fagio. Sijutii, lakini sitakudanganya ati haiumi.

Ijumaa nilienda Saboti. Nilikuwa na ile karatasi mfukoni na sikuitoa. Baba yako aliniuliza Jotham anasema nini siku hizi. Nikasema kazi ni nyingi. Akasema ni vizuri, mtoto mwenye kazi hawezi kupotea. Wacha nikuambie, hiyo ndio kitu imenikwama kwa koo kuliko mkate wa Wekoye. Nilimpiga picha ingine, nimeiweka kwa mtandao chini ya lile jina letu, na namba ya simu ya duka ya hapo kwenu. Ni ukurasa mmoja tu, nimeutengeneza mwenyewe. Ukifungua utamwona.

Kemboi, jirani yenu wa Saboti, anakuja Nairobi, ndiye anakuletea barua hii, na chupa pamoja. Ni ya baba yako, alisema uwe unaramba kwa kile kifua. Ishike juu kwa mwanga uangalie vizuri. Haina nyuki hata mmoja.

Sikuulizi kwa nini. Sitapiga simu, sitatuma SMS. Nusu yako bado iko na sijaigusa. Lakini wewe ulimwambia mtu sina subira, na mimi nimepata mwalimu. Basi mimi nimenyamaza, Jotham. Ataongea kwanza mwenye anataka kitu.

Mama anakusalimia. Shangazi Suad alisema nisimtie kwa salamu. Mama yako anauliza Krismasi utafika lini.

Ni mimi, wa nusu ile nyingine,
Naim.