Vidole Vyangu kwa Jina Lako

S.L.P. 73,
Sotik.
8 Juni 2025

Mpendwa shemeji Oyugi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Joto la Doha umelizoea? Kile kikohozi kimeisha? Huku mvua inanyesha kila alasiri, majani ya chai yametushinda kuchuma, na ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike.

Leo nakuandikia mimi, si kaka yako Kepher, kwa sababu jambo lenyewe ni langu.

Mwaka jana chama cha maziwa kilitaka kila mwanachama aweke alama za vidole. Kabati la mafaili liliondolewa, kila kitu kikapelekwa kwenye kompyuta za mbali wanazoziita wingu, ili hospitali na watu wa bima ya afya, ile tunayokatwa kwenye pesa za maziwa, wasome hapo hapo. Asiyefika angefutwa. Sikutaka upoteze nafasi yako, nikaenda kumweleza karani, Atuti, kwamba uko mbali. Akasema mashine inataka vidole tu. Nikaweka vyangu kwa jina lako.

Mwezi wa tatu nilianguka shambani. Hospitalini niliambiwa niweke kidole, likatokea jina lako. Nesi akaniuliza kama ni jina la mume, nikaitikia. Nilikuwa mgonjwa, shemeji, lakini si mgonjwa wa kushindwa kusema hapana. Walinipata na ugonjwa wa sukari. Ukaandikwa kwako.

Siku uliyompigia Kepher simu nilikuwa namimina chai. Nilikusikia ukisema uliwaruhusu waajiri wako waangalie rekodi zako za hospitali za nyumbani, na sasa kazi ya kuendesha mabasi imesimamishwa kwa sababu ya sukari ambayo huna. Kepher akakuambia wamekuchanganya na mtu mwingine. Mtu mwenyewe alikuwa amesimama hapo na birika, akaendelea kumimina.

Kesho yake nilirudi kwa Atuti nikamwambia anifute. Aliinama akatazama meza.

“Ingekuwa nenosiri tungebadilisha, mama,” akasema. “Vidole huwezi kupewa vingine.”

Akanieleza kwamba hata chama kikifuta, nakala bado ziko hospitalini na kwa watu wa bima, na pengine kwingine asikokujua. Basi nikaanza kuzunguka. Daktari amenipima upya na ameandika barua kwamba mgonjwa ni mimi, Janeffer. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, na picha yake utaipata kwenye simu. Bima hawajajibu. Chama wamefuta, lakini mpaka ufike na mikono yako mwenyewe, jina lako halina vidole.

Kepher nilimwambia tukiwa zizini. Hakunigombeza. Alimaliza kukamua, akainuka na ndoo, akasema, “Mwandikie wewe.” Tangu hapo hatuongei sana.

Waonyeshe hiyo barua. Na kama nafasi imeshachukuliwa na mtu mwingine, niambie ukweli. Usinifiche kwa kunihurumia.

Watoto wetu, Amondi na wadogo zake, wanakusalimia. Mama yenu pia, ila yeye hajui lolote. Jumapili baada ya ibada nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba mtoto wake ataendesha mabasi makubwa huko Doha. Nikambebea mkoba wake, nikatembea nyuma yake mpaka nyumbani.

Mungu akushike mkono huko uliko.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda hata kwa haya niliyokutendea,

Janeffer