Hirizi Kiunoni mwa Mtoto

Jumapili, Agosti 1986

Na mbele ya kanisa zima! Mchungaji alipomwinua mwanangu kumbatiza, gauni lilipanda na hirizi ikaonekana kiunoni. Homa yake ilinitia woga, nikaenda kwa mganga kisirisiri.

Mimi, niliyesimama mwaka jana nikamshtaki Kadzo kwa kosa hilihili, hadi akatolewa kwenye kwaya!

Nilitubu palepale. Mchungaji akasema nimesamehewa, lakini moyo bado unanisuta.

Alasiri Kadzo akaja. Nilidhani amekuja kunicheka. Akampakata mtoto, akasema, "Mungu amekusamehe, dada. Amini tu."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mimi alinisamehe siku ileile uliyonishtaki."

Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka njiani. Kumwomba msamaha, sikumwomba.