Wiki ya Mbalamwezi

Jumatatu, 6 Mei

Anastazi amerudi kutoka ziwani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kawaida. Miguu imelowa, macho mekundu. Chai, viazi vitamu, sambaza wachache, dagaa wa ziwa letu, aliokuja nao ndani ya kofia. Amenisimulia ya ziwani: mvua iliwatawanya samaki, mwenzao mmoja alisinzia akaangusha kasia. Nimemsikiliza huku napiga pasi blauzi ya kazi. Saa moja na nusu alikuwa ameshalala. Mimi nikatoka kwenda kazini hotelini.

Hiyo ndiyo ndoa yetu. Lisaa limoja la asubuhi. Jioni nikirudi, Anastazi na wenzake wameshaingia ziwani. Watu wanaowahurumia wake za wavuvi hawajui kwamba lisaa limoja linatosha ukilitumia vizuri. Yeye hulitumia kuongea. Mimi hulitumia kumcheka.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeitwa kazi Musanze. Hoteli mpya, inatafuta msimamizi wa vyumba. Meneja wao aliwahi kulala hotelini kwetu, na anasema hajasahau jinsi nilivyokunja pembe za mashuka. Mshahara karibu mara mbili. Meza yangu. Simu ya kazi. Miaka yote hii natandika vitanda vya wengine, na sijawahi kuitwa msimamizi wa chochote, hata wa ndoo.

Kazi inaanza saa moja asubuhi. Basi la kwanza linatoka gare, kituo cha mabasi, saa kumi na moja alfajiri. Jioni nitakuwa nashuka hapa Gisenyi saa mbili usiku. Hesabu hiyo nimeipiga mara moja tu, ikatosha. Nitatoka kabla hajarudi. Nitarudi ameshaondoka.

Nimefurahi sana. Nimeogopa pia.

Jumapili, 12 Mei

Nimemwambia. Jumapili hulala mpaka saa nane, kisha hushona nyavu, kisha ziwa tena. Nimemwambia akiwa kwenye nyavu, ili asilazimike kuniangalia.

"Bon. Ni kazi muzuri," alisema. "Enda. Mi nitakula na redio."

Akacheka. Sindano ikaendelea kwenda na kurudi.

Hatukujaliwa mtoto. Kuna nyumba ambazo mume na mke hawaonani lakini mtoto yupo katikati, anabeba habari za huku na huku. Yetu ni sisi wawili tu. Tusipokutana, hiyo si nyumba tena, ni stoo ya vitu vya watu wawili. Nimeliandika hilo na sitalifuta.

Lakini tumekuwa wapangaji tangu tuoane. Paa la mwenye nyumba linavuja juu ya kitanda chetu, na yeye anasema ni umande. Kwa mshahara huu tungenunua kiwanja, hata kidogo, hata kule Busasamana kwenye mawe. Mshika mbili moja humponyoka. Sawa. Lakini asiyeshika hata moja je?

Jumanne, 14 Mei

Meneja ni mwanamke mwenye akili. Amesema nije wiki moja kwanza, nione safari, naye anione, ndipo tuandikiane mkataba. Nina siku zangu za likizo ambazo sijazitumia. Nimechagua wiki ijayo, maana huku wageni watakuwa wachache.

Jumatatu, 20 Mei

Siku ya kwanza. Nimetoka alfajiri, mbalamwezi imeangaza mpaka nikaiona misumari kwenye uzio wa jirani. Sikuhitaji tochi. Anastazi alikuwa amelala. Wiki hii mitumbwi yote imevutwa nchi kavu. Sambaza hufuata taa za wavuvi, na mwezi ukiwaka hivi hawana haja ya taa ya mtu.

Niliporudi nilimkuta mlangoni. Amepika maharagwe, chumvi kama ya ng'ombe. Tumekula pamoja saa mbili usiku, kama watumishi wa serikali.

Alhamisi, 23 Mei

Safari si mbaya. Kiti cha dirishani, milima, usingizi kidogo. Kazini nimemwambia msichana mmoja "rudia", akarudia, kisha akanishukuru. Sijui kama kuna neno tamu kuliko hilo, ukilisema wewe na si kuambiwa.

Jioni tumetembea hadi ziwani, tumekula mahindi ya kuchoma. Mwezi mzima juu ya maji. Hatujatembea hivyo tangu tuchumbiane. Nikamwambia, unaona, inawezekana. Akalitupa gunzi lake majini.

"Mwezi iko muzuri," alisema.

Nimeichukua kuwa ndiyo.

Jumamosi, 25 Mei

Nimetia saini. Naanza rasmi tarehe tatu. Bosi wa hapa hakusikitika hata kidogo, shemeji yake anachukua nafasi yangu kesho. Nimemwona akitandika. Mungu awasaidie wageni.

Jumatano, 29 Mei

Giza limerudi. Mitumbwi imeshuka majini. Nimekula peke yangu, na kijiko kikiwa mdomoni ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Niliijaribu kazi katika wiki ambayo mume wangu hakuwa mvuvi.

Mtu yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa hili angejua. Hapa hata harusi hupangwa kwa kutazama mwezi. Mimi nimelelewa Karagwe kwa watu wa ng'ombe, nasoma kalenda ya ukutani, na mpaka leo naandika Kiswahili cha shuleni kwetu kwa sababu Kinyarwanda changu cha kuandika kinachechemea. Miaka yote hii naishi na mvuvi na bado najumlisha siku kama karani.

Na yeye alijua. Usiku ule ziwani alijua, akanyamaza. Nimemkasirikia kwa hilo kuliko ninavyojikasirikia mwenyewe, na najua si haki.

Alhamisi, 6 Juni

Sijamwona tangu Jumapili. Naona dalili zake tu. Sahani imeoshwa. Jerikani limejaa maji. Shati la ziwani limefuliwa, limeanikwa. Chai ameniachia kwenye chupa, na nikiinywa saa mbili usiku bado ina moto. Nami namwachia chakula chini ya sahani. Tunaishi kama walinzi wa zamu mbili.

Kitandani upande wake una joto la mchana bado, au najidanganya.

Jumapili, 9 Juni

Amelala. Nimekaa kando ya kitanda nikimngoja. Alipoamka tumekula. Wiki nzima nilikuwa nakusanya maneno ya kumwambia, yakaishia kuwa bei ya makaa. Saa kumi na moja amechukua koti lake akaenda.

Jumanne, 11 Juni

Jerikani tupu. Shati la ziwani limetupwa sakafuni, linanuka nyumba nzima. Chakula hakijaguswa.

Kumbe ndivyo atakavyopigana nami. Anasema enda kwa mdomo, halafu anasusa kwa jerikani. Nimetoka Musanze na miguu imevimba, nikaenda bombani gizani kuchota maji. Nimemwandikia kwenye simu: kama huitaki kazi yangu, sema. Nina hasira. Nalala na hasira.

Jumatano, 12 Juni

Jibu lake nimelikuta asubuhi nikiwa kazini. "Pole. Nimechoka tu."

Jioni jerikani tupu tena. Leo nami sikupika. Mtu mzima akinuna habembelezwi.

Alhamisi, 13 Juni

Nitaliandika lote.

Nimeshuka kwenye basi, Mama Keza akaniita. Ni yule anayenunua sambaza mitumbwini kila alfajiri na kuwauza jioni nje ya gare. Tunasalimiana miaka yote.

"Mukono ya bwana yako inaendelea aje?" aliniuliza.

Nikamwambia vizuri, asante. Yalinitoka tu, kama mtu anavyojibu salamu.

"Imana ishimwe," alisema, akimshukuru Mungu. "Ule musumari iliingia mubaya sana. Mi nilimwambia aende hospitali, akakataa."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Nikanunua sambaza. Nikauliza habari za wajukuu zake. Yote hayo ili mwanamke muuza samaki asijue kwamba sijui mume wangu ameumia. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu yangu, kwa dakika chache, na sitajisamehe hizo dakika.

Nimekimbia nyumbani. Ameshaondoka. Nimempigia, simu ikalia kitandani, huwa anaiacha kwa kuogopa maji. Chini ya mto nimekuta vitambaa. Vimechanwa kutoka kwenye shuka langu la zamani. Vina usaha.

Hakuwa amenuna. Hakuweza kubeba jerikani.

Ijumaa, 14 Juni

Sikwenda Musanze. Nimewasubiri ufukweni tangu giza. Walikuja na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, kama wanavyovua siku zote, na katika mmoja wa miti hiyo ndimo ulimokuwa msumari wenye kutu. Jumatatu usiku ulipita kiganjani. Walimwosha kwa maji ya ziwa, wakafunga, wakaendelea kuvua.

Alishuka wa mwisho. Mkono umevimba hadi kiwiko. Uso una rangi ya majivu.

"We uko hapa? Na kazi je?" Hilo ndilo lilikuwa la kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nikamshika mkono mzima, tukapanda hadi barabarani.

"Ningekuambia, ungeacha kazi," alisema. "Na mi nilisema uende."

Hospitali. Wamempasua kiganja. Muuguzi alikuwa mkali, ana haki ya kuwa mkali. Jeraha la siku hizi zote, nyumbani hapakuwa na mtu wa kuliona? Nani anaishi na huyu?

Nikajibu, mimi.

Aliniangalia, akaandika.

Jumatatu, 17 Juni

Yuko wodini. Homa imeshuka. Nimemwandikia meneja barua ya kuacha kazi, iko kwenye pochi. Nimeandika vizuri, bila kulalamika. Nitaipeleka Alhamisi, ruhusa aliyonipa itakapoisha. Shemeji wa bosi wa zamani hawezi kudumu, pengine watanirudisha. Wasiponirudisha nitafua mashuka ya nyumba za wageni kwa kipande. Nataka asubuhi yangu. Sitaki kitu kingine.

Jumatano, 19 Juni

Wamemruhusu kurudi nyumbani. Mkono hautakatwa, daktari amesema, tumshukuru Mungu. Vidole viwili havitakunjika tena.

Jioni kiongozi wa mitumbwi yao amekuja kumpa pole. Mzee wa heshima, amevaa koti la kanisani, ameleta sambaza wa kukaanga. Kisha akasema wavu huvutwa na watu wote kwa pamoja, na mtu mmoja asiposhika kamba sawasawa mitumbwi yote mitatu huzunguka. Anastazi alimjibu kabla hajamaliza. Alisema anajua. Alisema wamtafute mtu. Mzee akainamisha kichwa, akasema wameshampata.

Tukamsindikiza hadi njiani, kama inavyotakiwa. Tukarudi. Hakuna aliyelia. Mimi nilitaka kulia, lakini mwenye haki ya kulia alikuwa yeye, na yeye alikuwa anatafuta kiberiti.

Ile barua nimeitia jikoni kwenye makaa. Sasa siwezi kuacha kazi. Mshahara ule ndio tulio nao.

Jumamosi, 22 Juni

Mwezi mzima. Wavuvi wote wako nchi kavu, wamekaa barabarani wanacheza karata, naye amekaa katikati yao. Kwa siku hizi chache hana tofauti nao. Nimemtazama kutoka mlangoni. Alikuwa anacheka.

Ningekuwa nyumbani ile Jumanne asubuhi ningeuona mkono huo akiwa bado anavua koti. Ningemburuta hospitali kwa sikio. Nimejaribu kulifikiria jambo hili kwa njia nyingine, nikasema angeweza kunificha, nikasema msumari ni msumari. Sijafaulu. Nimemwambia hivyo. Amesema niache. Alisema kwa Kinyarwanda, taratibu, kama anavyosema mambo ya msiba.

Jumatatu, 1 Julai

Naandika ndani ya basi, herufi zinaruka.

Leo aliamka kabla yangu. Nilikuta chai imechemka, jiko limewashwa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo majivu kila mahali. Sikusema kitu juu ya majivu. Nilipovaa viatu naye akavaa. Nikamwambia kuna baridi, kalale. Akasema ananisindikiza.

Giza totoro, hakuna mwezi kabisa. Mbali ziwani taa za mitumbwi zilikuwa zinaonekana, nikazungumza juu ya bei ya mabati ili asigeuke, akageuka.

Gare imejaa watu. Aliniwekea mfuko chini ya kiti, akashuka, akasimama chini ya dirisha langu, mkono ndani ya koti. Kazini wote wananiambia nina bahati, nimepata cheo na mume yuko nyumbani. Nawajibu asante.

Basi likaanza kurudi nyuma. Niligeuka kumpungia. Alikuwa amesimama palepale, watu na mizigo wanapita kushoto na kulia kwake, na yeye hana pa kwenda saa hizo.

Jioni tutakula pamoja. Tunaonana kila siku sasa.