Mama, Mashine Yetu Anayo Baba Neema

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Ile mashine uliyoninunulia mnadani Katesh, ile tuliyoificha miaka yote, sasa inamnyoa mkwe wako. Ananyoa ndevu zake mlangoni, mchana kweupe, huku anapiga mluzi. Hajui kwamba ni yangu. Hajui hata kwamba mke wake ana ndevu. Nami nimekaa ndani nakuandikia wewe uliyelala Mogitu chini ya udongo, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua.

Nikikumbuka tulivyoanza nacheka, ingawa siku ile nililia. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka bweni, tunachambua maharage uani, jua likanipiga usoni, wewe ukaacha kuchambua. Ukanishika kidevu, ukanigeuza huku na huku kama unayekagua mbuzi. Nilidhani nina uchafu. Ukasema, "Theresia, njoo ndani." Ndani ukachota jivu lililopoa, ukanipaka kidevuni ili vidole visiteleze, ukaanza kuzing'oa moja moja. Nililia kwa maumivu na kwa aibu, sijui kipi kilizidi. Wewe ulikuwa ukisema tu, "Tulia, nimebakiza huku chini ya shavu."

Ikawa kazi yetu ya Jumamosi. Kesho yake nakwenda kuimba kwaya uso laini, umenipaka mafuta ya mgando mpaka nang'aa, na akina mama wa jumuiya wanakusifia, binti yako ana ngozi nzuri. Unawajibu, "Anapenda maziwa." Mungu akusamehe, Mama, ulikuwa mwongo wa hali ya juu. Nilipojaribu wembe kwa siri, kidevu kikatoka vipele, kikavimba, kikaacha mabaka meusi. Ukaapa wembe hautanigusa tena ungali hai.

Ndipo ikaja siku ya mnada. Biashara zilikuwa zimeshaachiwa huru, vitu vya Kichina vimemwagwa chini kwenye maturubai: redio, tochi, saa za kila rangi. Tulikuwa tumekwenda kuuza kuku. Tukamkuta muuzaji mmoja anajinyoa mkono kwa mashine isiyo na waya, watu wamemzunguka. Ukapenya mpaka mbele.

"Hii haitumii umeme?"

"Inatumia, mama, ila inautunza humo ndani. Unachaji mara moja, unanyoa siku kadhaa."

"Ndevu ngumu inaziweza?"

"Ndevu za nani, mama?"

"Za mwanangu wa kiume. Ana ndevu kama beberu."

Nami nimesimama ubavuni kwako, nimejitanda kanga mpaka puani, natamani ardhi ipasuke inimeze. Hukuwa na mtoto wa kiume, Mama. Hata mmoja. Njiani ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema beberu wako amekunja uso.

Mogitu hapakuwa na umeme hata wa kuwasha taa moja. Basi ukawa unaiweka mashine chini ya mayai kwenye kikapu, unashuka nayo Katesh kwa yule nesi wa kutoka Tanga, rafiki yako. Yeye alikuwa na soketi ukutani. Yeye naye ulimwambia ni ya Baba, ambaye ndevu zake zote hazikujaza kijiko. Nikiitazama safari ya mashine ile naona imekuwa ya wanaume wengi sana. Ya mwanamke haikuwahi kuwa.

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya wakaletwa watumishi kutoka kila upande, na miongoni mwao bwana shamba wa kutoka Njombe, mpole, mwenye kupenda vichekesho, ndiye huyu Baba Neema. Ulipokuwa unapanga sanduku langu la harusi uliiweka katikati ya mashuka, ukaninong'oneza, "Uso wako uamke kabla yake." Nami nikaamka kabla yake, Mama. Kila alfajiri hapa Endagikot, baridi ya Mbulu inang'ata vidole, ukungu umeingia mpaka kwenye bafu la nje, nimesimama humo najinyoa kwa kupapasa. Nikimaliza napaka poda kidogo, narudi kuwasha moto wa uji. Tulikuwa na umeme ndani, kwa hiyo mashine ilichajiwa nyuma ya kabati la vyombo, mahali ambapo mwanamume hafiki.

Ulipokuja kututembelea tulijifungia chumbani. Ulinipeleka dirishani, ukanigeuza, ukasema, "Huku shingoni unapasahau." Baba Neema akauliza siri hizo za mama na mwana ni siri gani. Ukamjibu, "Za wanawake," akaridhika. Ni mtu wa kuridhika upesi.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nilikusudia. Lakini tulipokuwa wageni katika ndoa, siku moja tulikwenda gulioni Dongobesh, akamwona mama muuza viazi mwenye nywele kidevuni, akaniinamia sikioni: "Yule mama kanizidi ndevu." Alisema bila ubaya wowote. Nikacheka naye. Nilicheka kwa sauti kumzidi. Baada ya kicheko kile sikuwa na pa kuanzia.

Kisha ukafa. Nilikulilia kama watoto wengine wanavyolilia mama zao, na nilililia na hili pia, na hakuna mfariji hata mmoja niliyeweza kumweleza. Walikuwa wakinishika mabega, wananiambia yote ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa nafikiri nani sasa ataniambia nimesahau shingo. Naona haya kukuandikia hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza kaburini kwako.

Umeme kwanza ulikuwa wa mgawo, siku upo, siku haupo, nikajifunza kupanga kidevu changu kwa mgawo. Halafu zikaja mvua hizi. Radi ikapiga transfoma, ikaungua, na tangu hapo tuko gizani. Tunaambiwa nyingine iko njiani, kila mtu anatuambia hivyo, hata wauza nyanya. Mashine yenyewe imezeeka, betri haikai. Alfajiri moja ikaanza kunguruma kinyonge, ikawa inanyofoa badala ya kunyoa, kisha ikazima. Upande mmoja nimemaliza, upande wa pili bado.

Nikaifunga kwenye gazeti nikaipeleka kwa Mama Josefu. Yeye ana sola juu ya bati na kibanda cha kuchaji simu za watu. Simu zimepangwa kwenye ubao, kila moja ina kipande cha plasta. Mama Josefu haandiki jina la mtu, anaandika nyumba: kwa katekista, kwa fundi baiskeli, kwa bwana shamba. Anasema simu ni ya nyumba, atakayepita kwanza ataibeba. Hapa hakuna anayeona hilo ni jambo geni, na mimi nimeishi hapa muda wa kutosha kulijua. Nikalisahau. Akafungua gazeti, akauliza, "Hii ya nani?" Nikajibu nilivyofundishwa na wewe: "Ya mzee."

Mchana nikiwa shuleni nafundisha, mzee akapita kuchukua simu yake. Mama Josefu akampa simu na mashine juu.

Nilirudi nikamkuta amesimama katikati ya sebule ameishika kwa mikono miwili. Vinyozi wote wa stendi walikuwa wamefunga kwa sababu ya umeme, na yeye huona haya kwenda kwa wakulima akiwa na ndevu chafu.

"Mama Neema," akasema, "kumbe umeniona ninavyohangaika."

Nikaweka madaftari mezani.

"Mama Josefu amenipa zawadi yangu kabla hujanipa mwenyewe. Usimkasirikie."

"Sijamkasirikia."

"Asante sana. Asante, mke wangu."

Macho yalikuwa yamemlowa. Ningesema nini, Mama? Nilisema, "Asante kwa kushukuru."

Akaitia mafuta ya cherehani, akaisafisha kwa mswaki, ikawa inakata kuliko ilivyowahi kukata mikononi mwangu. Sasa mashine inalala kwenye begi lake la kazi. Akipanda pikipiki kwenda vijijini inakwenda naye, akirudi inapitia kwa Mama Josefu. Mara moja nikajipa moyo nikamwambia nataka kupunguza nywele za shingoni. Akavuta kigoda. "Kaa hapa nikupunguze mwenyewe." Nikasema basi, zimeshatosha.

Wembe nauogopa, na kuzing'oa peke yangu siwezi, kwa hiyo nimefunga kitenge. Kimepita chini ya kidevu, fundo liko utosini, na nimetangaza kwamba jino linaniuma. Nafundisha darasa la nne nikiwa hivyo. Watoto wanaingia mmoja mmoja, "Shikamoo mwalimu, pole mwalimu." Mwalimu mkuu amenipa dawa ya kusukutua. Baba Neema ndiye anayenimaliza. Ananipozea uji kwa kuupuliza. Alipanda mjini kwenye mvua kunitafutia karafuu. Anataka kunipeleka hospitali wakaling'oe, nami kila siku namwambia naona limeanza kutulia. Kama angekuwa mkali ningejua la kufanya, ningekasirika. Kwa mtu anayekupulizia uji unafanya nini? Nimekuwa nikilia jikoni, na akinikuta analilaani jino.

Usiniambie nimwambie. Nimeshajaribu, mdomo unafunguka nasikia kicheko changu cha Dongobesh.

Haya yote ningeyavumilia, Mama. Umeme ungerudi, ningetafuta mashine nyingine, maisha yangeendelea. Ni jambo la jana ndilo lililonivunja.

Mjukuu wako Neema yuko darasa la saba sasa, amekuwa mrefu, mkimya, ana mwendo wako. Jana baba yake alikuwa vijijini. Nilikuwa uani napepeta mchele, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, baba akirudi naweza kuazima mashine yake?"

"Ya nini?"

Alinyanyua kidevu akakielekeza kwenye jua.

Ni zile zile. Bado laini, bado chache, lakini zimeanzia pale pale zilipoanzia zangu, upande wa kushoto. Wewe ulinishika mkono ukaniingiza ndani. Mimi ungo ulikuwa mapajani, kitenge kiko kichwani, na nilichotakiwa kufanya ni kuvuta fundo tu aone. Kuvuta fundo, basi. Ningemwambia tazama, mwanangu, hata mimi. Mkono ukagoma. Naapa mbele ya Mungu, niliuambia ukagoma.

Nikamwambia, "Ngoja umeme urudi."

"Umeme ukirudi kutakuwa na nini, mama?"

"Tutaona."

"Sawa, mama," akasema. Akaondoka kwenda kuteka maji kama vile nimemjibu.

Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo. Jana yote iliyobaki nilijitukana, nikapanga kwamba leo nitamwita. Nikatafuta maneno ya kuanzia, nikayafanyia mazoezi nikiosha vyombo. Nilikuwa nayo kabisa.

Leo asubuhi tumekaa kunywa chai, baba yake amerudi, Neema akatoka chumbani. Amejifunga kitenge changu kingine. Kimepita chini ya kidevu, fundo liko utosini, limekazwa kama ninavyolikaza mimi.

"Shikamoo baba," akasema. "Jino linaniuma."

Alimwambia baba yake lakini alikuwa ananitazama mimi. Baba yake akaweka kikombe mezani.

"Na wewe tena? Meno gani haya ya ukoo wenu!"

Akainuka akaleta karafuu zangu, akamwekea kiganjani, akamwambia azitafune vizuri upande unaouma, asiteme. Maneno yangu yote yakaniishia. Nilimwambia mtoto pole. Pole, Mama! Nilimwambia mwanangu pole ya jino ambalo haliumi, na akaniitikia asante.

Sasa amekaa kwenye mkeka hapa karibu na mimi. Wewe ungejua neno la kwanza, hata kama lingekuwa la uongo lingekuwa la kumsaidia. Mimi sijui, na wewe huwezi kunijibu, na sina mwingine wa kumwandikia. Pumzika, Mama wangu, mimi nakuacha hapa kwa sababu kalamu haiendi tena. Karafuu zinamchoma ulimi, naona machozi yanamlengalenga, na bado anazitafuna.

Mwanao,
Mama Neema