Waya wa Platinamu

Voi,
14 Julai 1979

Kwa kaka yangu mpendwa Silvanus,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Voi. Natumaini wewe, shemeji Wakesho na watoto hamjambo, na kile kikohozi chako kimetulia. Mimi ni mzima, ila nimechoka, kaka. Mikono imebabuka kwa magadi makali ya maabara, na wanafunzi wananiita Babu kabla sijafika arobaini.

Kilonzo, dereva wa lori la ranchi yenu, alipita hapa shuleni jana amejaa furaha. Aliniambia kwamba Jumatatu unampa meneja barua ya kuacha kazi ukachimbe jiwe jeusi la Kishushe, kwa kuwa mdogo wako amegundua linatoa umeme. Nikamkaribisha chai, nikacheka naye. Alipotoka kwenda kulala mjini, nikatafuta karatasi.

Unajua tulikotoka. Betri ya haidrojeni inataka kichocheo, na wenzetu wa ng'ambo hutumia platinamu, madini ghali kuliko dhahabu. Miaka mitatu nimesaga mawe yako na kuyabandika kwenye vibao vya nikeli bila kuona kitu. Halafu mwezi wa Machi balbu ikawaka tangu asubuhi hadi kengele ya chakula, nawe ukalia mbele ya wanafunzi ukisema, "Jiwe la kwetu, Obadiah."

Kaka, halikuwa jiwe. Kila kibao kipya hupitishiwa umeme kwanza ndani ya maji ya magadi. Upande wa pili wa umeme huo nilifunga ule waya mwembamba wa platinamu ambao wanafunzi hupimia rangi za moto, maana waya zingine zilikuwa zinaliwa na magadi. Kumbe nao ulikuwa unaliwa, polepole, na chembe zake zikahamia kwenye jiwe letu. Mwezi wa Mei niliupima, nikakuta uzito umepungua. Nikatengeneza kibao kingine bila huo waya. Balbu haikuwaka. Nimerudia mara kumi na moja.

Nimejua tangu Mei, nikanyamaza. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa uso wako. Nisamehe. Barua yako usiipeleke kwa meneja.

Hii nampa Kilonzo mkononi, anaondoka sasa hivi. Msalimie shemeji, na mama ukipanda kwenda Werugha. Habari hii mama nitamweleza mimi mwenyewe. Gunia lako la mwisho la mawe lipo chini ya meza, sijalifungua. Jumatatu nitaanza nalo upya, bila waya. Wewe nenda kazini.

Ni mimi mdogo wako,
Obadiah